"Sukari Imeshuka": Uhakiki wa Istilahi ya Upungufu wa Sukari Damuni

1. Utangulizi

Wataalamu wetu wa istilahi wamezoea kulipima kila neno jipya kwa vipimo ambavyo sasa vinajulikana na kila mwanafunzi wa idara. Istilahi yapasa kuwa sahihi, kuwa fupi, kuwa wazi kimaana, kupatana na sarufi ya lugha inayoipokea, na kukubalika kwa watumiaji. Vipimo hivi ni vyema na hatuna nia ya kuvitupa. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba viliundwa hasa kwa kuangalia istilahi za darasani, za ofisini na za vitabuni, mahali ambapo kosa la neno humpotezea mtu alama au muda tu. Katika uwanja wa tiba hali ni nyingine. Huko neno hutamkwa mara moja, na mtu aliyechoka, kwa mtu mwenye hofu, na aliyelisikia huenda nyumbani akalifanyia kazi kama alivyolielewa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kwa hali moja mahususi, yaani hali ya glukosi katika damu kuteremka chini ya kiwango kinachohitajiwa na mwili. Hoja yetu kuu ni kwamba tatizo hapa si uhaba wa maneno. Maneno tunayo, tena zaidi ya moja. Tatizo ni kwamba usemi unaotumika zaidi midomoni mwa watu, "sukari imeshuka", unaweza kueleweka kinyume kabisa cha makusudio ya msemaji, ilhali istilahi za vitabuni ambazo zingeweza kuurekebisha zina kasoro zake. Tutazichunguza moja baada ya nyingine, kisha tutapendekeza umbo ambalo sarufi ya Kiswahili yenyewe imekwisha kutuandalia.

2. Dhana inayohitaji jina

Haifai kuhukumu jina kabla ya kukifahamu kinachoitwa. Glukosi ni sukari sahili ambayo damu huichukua na kuisambaza mwilini kama chanzo cha nguvu. Kongosho hutoa insulini, nayo huiwezesha glukosi kutoka katika damu na kuingia katika seli. Insulini ikizidi mahitaji, au chakula kikikosekana huku dawa imekwisha kutumiwa, au ini likishindwa kutoa akiba yake, kiwango cha glukosi katika damu huteremka. Ubongo, ambao hutegemea sana glukosi, ndio huumia upesi. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, huona njaa na kizunguzungu. Hali ikiendelea husema maneno yasiyo na mpango, huzimia, hupatwa na degedege, na anaweza kufa.

Kwa watu wenye kisukari, miongozo ya kimataifa huhesabu kiwango kilicho chini ya milimoli 3.9 kwa lita kuwa dalili ya tahadhari, na kilicho chini ya 3.0 kuwa hatari. Kwa malaria kali, kiwango kilichotumika kwa miaka mingi ni chini ya 2.2. Mwaka 1938 daktari Mmarekani Allen Whipple alieleza mambo matatu ya kuitambua hali hii: mgonjwa awe na dalili zake, damu ionyeshe kiwango cha chini, na dalili ziondoke glukosi inapopandishwa. Jambo hilo la tatu lina uzito mkubwa kwa mjadala wetu, kwa sababu linaonyesha kwamba tiba imo ndani ya dhana yenyewe. Jina linalomfanya msikilizaji asione kwamba yampasa kumpa mgonjwa sukari limeiacha nje sehemu ya maana.

Dhana hii ilipata umuhimu mkubwa baada ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka 1921 na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1922. Tangu hapo tabibu alikuwa na uwezo wa kuishusha sukari ya damu, na pamoja na uwezo huo akapata hatari ya kuishusha kupita kiasi. Lakini watu wenye kisukari si pekee wanaopatwa. Katika malaria kali ya watoto hali hii ni miongoni mwa dalili za hatari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 kutokana na kazi ya Kilifi uliihesabu pamoja na kupungua kwa fahamu, kupumua kwa shida, na manjano. Kwinini nayo, iliyokuwa tegemeo la tiba ya malaria kali kabla ya kupewa nafasi ya pili baada ya atesuneti, huchochea kongosho kutoa insulini na hivyo huweza kuizidisha hali hiyo. Katika utapiamlo mkali, kuitibu na kuizuia ndiyo hatua ya kwanza kabisa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo jina tunalolitafuta lazima liwafae watu wa aina mbili: mtu mzima ambaye amekatazwa sukari kwa miaka mingi, na mama wa mtoto mwenye homa ambaye hajapata kusikia kwamba mwanawe ana uhusiano wowote na kisukari.

3. Njia ya ukopaji: "haipo" na "haipa"

Njia ya kwanza ni kulikopa neno la kimataifa na kuliandika kwa tahajia ya Kiswahili: haipoglisemia. Neno hilo limejengwa kwa vipande vitatu vya Kigiriki: hypo, yaani chini, glykys, yaani tamu, na haima, yaani damu. Wanaoipendelea njia hii husema kwamba neno hili ni sahihi, halina maana nyingine, na linatuunganisha na wataalamu wa nchi nyingine. Madai hayo ni ya kweli kwa kadiri ya maandishi ya wataalamu wao kwa wao.

Lakini tuliangalie neno hili likiwa katika matamshi. Hali iliyo kinyume chake, yaani sukari kuzidi damuni, itakopwa kwa njia hiyo hiyo na kuandikwa haipaglisemia. Majina mawili ya hali mbili ambazo tiba zake ni kinyume yatakuwa yanatofautiana kwa irabu moja tu, /o/ na /a/. Isitoshe, mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani -mi-, hivyo irabu inayobeba tofauti yote ya maana imo katika silabi isiyo na mkazo, silabi tatu kabla ya mahali ambapo sikio la Mswahili limezoea kungojea uzito. Mtu angetafuta kwa makusudi jozi ya istilahi za kuchanganyikiwa, asingepata iliyo bora kuliko hii.

Kuna jambo jingine ambalo wakopaji hawakulikusudia. Kwa Mswahili, "haipo" si kiambishi cha Kigiriki. Ni sentensi kamili, tena ya kawaida mno: kitu cha ngeli ya sukari hakipo mahali hapa. Msikilizaji mwerevu anaweza kulichambua neno hili kwa sarufi yake mwenyewe na kupata maana iliyo karibu na ukweli, kwamba sukari haipo. Lakini karibu si penyewe. Sukari ipo, ila imepungua. Na neno lenye kuonekana wazi huku likipotosha ni la kuogopwa kuliko neno lisilofahamika kabisa, kwa kuwa lisilofahamika humfanya mtu aulize.

4. "Sukari" na maana zake tatu

Njia ya pili ni kutumia neno sukari, ambalo limo katika Kiswahili tangu kale kwa njia ya Kiarabu. Hapa yatubidi kutenga maana tatu ambazo neno hili limejipatia. Ya kwanza ni sukari ya dukani, itiwayo katika chai. Ya pili ni glukosi iliyomo katika damu, yenye kupimwa kwa mashine. Ya tatu ni ugonjwa wenyewe: "baba ana sukari", "sukari ndiyo iliyomuua". Maana ya tatu imeenea sana katika mazungumzo, hata neno kisukari, ambalo limeundwa vizuri kwa ngeli ya KI-VI kama vile kifafa, kifaduro, kichocho na kipindupindu, halijaweza kuiondoa.

Mageuzi haya si ajabu. Presha nayo imefuata njia hiyo hiyo, kutoka jina la kitu kinachopimwa hadi jina la ugonjwa wa kuzidi kwake. Kila mwenye damu ana presha, lakini tukisema "fulani ana presha" hakuna anayefikiri kwamba tumesema jambo la kawaida. Istilahi shinikizo la damu, iliyoundwa iwe jina la kipimo tu, imekwisha kuvutwa upande huo huo. Katika jozi za namna hii, upande mmoja huchukua jina la jumla na kuufanya wake, na upande wa pili hubaki bila jina mpaka uongezewe kielezi. Ndiyo maana watu husema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka".

Matokeo yake kwa somo letu ni haya. Mtu akisikia "sukari" katika mazungumzo ya hospitali, maana inayomjia kwanza ni ya tatu, yaani ugonjwa. Mama anayeambiwa kwamba sukari ya mwanawe mwenye malaria iko chini huweza kutoka pale akiamini kwamba mtoto amepatikana na kisukari, na kwa imani hiyo akamnyima kitu kitamu ambacho ndicho dawa. Hapa neno halikukosewa na yeyote. Msemaji alitumia maana ya pili, msikilizaji akapokea ya tatu, na sarufi haikuwasaidia kutambua kwamba wameachana njia.

5. "Kushuka" na habari njema

Sasa tukitazame kitenzi. Katika maelezo ya ugonjwa, kushuka kwa kawaida ni habari njema. Homa ikishuka, jamaa hushukuru. Presha ikishuka, mgonjwa husifiwa kwa kufuata masharti. Uvimbe hushuka, joto hushuka, na mara zote kinachoshuka ni adui. Kwa hiyo neno sukari likiwa na maana ya ugonjwa, na kitenzi kikiwa ni kushuka, usemi "sukari imeshuka" unajipanga wenyewe katika safu ya habari njema. Mtu ambaye amefundishwa kwa miaka kumi kwamba sukari yake isipande, ataipokeaje habari kwamba imeshuka, ila kwa kusema alhamdulillahi?

Itajibiwa kwamba muktadha utaondoa utata. Mara nyingi utaondoa, hasa mgonjwa akiwa amelala mbele ya muuguzi naye muuguzi ameshika kikombe cha maji ya sukari. Lakini usemi huu hautumiki hospitalini peke yake. Hupelekwa kwa simu kutoka kwa binti hadi kwa kaka aliye safarini; hurudiwa na jirani; huandikwa katika daftari la mgonjwa. Tuchukue mwezi wa Ramadhani katika miji ya mwambao wetu. Mtu mwenye kisukari amefunga, na wakati wa alasiri anajipima na kuona 3.5. Miongozo ya kimataifa humwelekeza afungue mara moja kiwango kikiwa chini ya 3.9, na sheria ya dini yake imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Lakini akiwaambia walio nyumbani "sukari imeshuka", nao wakamjibu kwamba basi saumu inamfaa, mazungumzo yatakuwa yamekamilika kwa Kiswahili fasaha na kwa hatari kubwa. Hakuna aliyekosea sarufi, na hakuna aliyesema uongo.

Usemi "sukari ya kushuka", ulioigwa kutoka "presha ya kushuka", una nafuu kidogo, kwa kuwa huonyesha kwamba kushuka nako ni ugonjwa. Lakini una ila yake. Unaifanya hali ya ghafla ionekane kuwa aina ya maradhi ya kudumu, kana kwamba watu wamegawanyika makundi mawili, wenye sukari ya kupanda na wenye sukari ya kushuka. Hali ilivyo ni kwamba mtu yule yule anayetumia insulini anaweza kupatwa na hali zote mbili katika siku moja.

6. "Upungufu" na "mwilini"

Istilahi ya vitabuni iliyozoeleka ni upungufu wa sukari mwilini. Imejengwa kwa kielelezo kinachojulikana: upungufu wa damu, upungufu wa maji mwilini, upungufu wa kinga mwilini. Upatanifu huo ndio fahari yake, na ndio pia unaoipunguzia nguvu. Upungufu wa damu na wa kinga ni hali zinazokuja polepole na kutibiwa kwa majuma au miezi. Anayesikia "upungufu wa sukari" huiweka katika kundi hilo na kuona kwamba kuna wasaa wa kungoja mpaka kesho. Katika hali hii ushauri wa kawaida kwa mtu mzima aliye na fahamu ni gramu 15 za sukari inayoyeyuka upesi, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Dhana inayohesabiwa kwa dakika haikai vizuri katika nyumba ya dhana zinazohesabiwa kwa miezi.

Neno mwilini nalo si sahihi. Insulini inapozidi, glukosi haitoki mwilini. Inatoka katika damu na kuingia katika misuli na seli nyinginezo. Mwili haukupoteza kitu. Damu ndiyo iliyopungukiwa, na ubongo ukakosa. Tofauti hii si ya mchezo wa maneno, kwa maana anayedhani kwamba sukari imepungua mwilini atafikiri juu ya lishe ya jumla, na anayejua kwamba imepungua damuni atafikiri juu ya kuifikisha damuni haraka. Kwa maandishi ya kitaalamu, kwa hiyo, istilahi iliyo safi zaidi ni upungufu wa glukosi damuni. Damuni hubainisha mahali, na glukosi huikwepa mitego yote mitatu ya sukari. Lakini mkono wa istilahi hii hauwezi kufika nyumbani kwa mgonjwa. Huko yatakiwa kitu kingine.

7. Kauli ya "kupungukiwa"

Waundaji wa istilahi, hapa Kenya na kwingineko, wametafuta mno nomino. Kamusi hupenda nomino, na orodha za istilahi karibu zote ni orodha za nomino. Lakini katika maisha jambo hili husemwa kwa sentensi, na kiini cha sentensi ya Kiswahili ni kitenzi. Tukiuliza namna Kiswahili kinavyoeleza kwamba mtu amekosa kitu anachokihitaji, tutaona kwamba lugha ina umbo maalumu: kitenzi kisochukua yambwa, kikitiwa kauli ya kutendea na kisha kauli ya kutendwa. Kutokana na kufa tuna kufiwa. Kutokana na kuisha, kuishiwa. Kutokana na kupungua, kupungukiwa. Katika maumbo haya kilichopotea si mtenda tena. Mtu ndiye kiima, na jambo limemfika.

Linganisha sentensi mbili: "sukari imepungua" na "amepungukiwa na sukari". Katika ya kwanza, sukari ndiyo inayosimuliwa, na tunaweza kufurahi au kuhuzunika kulingana na tunavyoifikiria sukari. Katika ya pili, anayesimuliwa ni mtu, na furaha haina nafasi. Ushahidi ni wa aina ya vitu vinavyoandamana na kitenzi hiki. Husemwa kwamba mtu amepungukiwa na fedha, na damu, na nguvu, na unga, hata na akili. Haisemwi kwamba amepungukiwa na homa, wala na uvimbe, wala na deni, hata kama vyote hivyo vimepungua. Kitenzi kupungukiwa kinachagua vitu vyenye kuhitajiwa. Kwa hiyo neno sukari linapoingia katika sentensi hiyo linalazimika kuvua maana ya ugonjwa na kuvaa maana ya kitu kinachohitajiwa. Kazi ambayo kielezi, mabano na maelezo marefu yameshindwa kuifanya, kauli ya kitenzi inaifanya kwa silabi mbili.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza usemi "amepungukiwa na sukari damuni" kuwa wa kufundishwa katika mazungumzo ya tiba, na umbo-jina lake, kupungukiwa na sukari damuni, litumike katika vipeperushi na mafunzo ya wahudumu wa afya. Panapohitajika kuonyesha haraka ya jambo, neno ghafla liongezwe. Istilahi upungufu wa glukosi damuni ibaki kuwa ya maandishi ya kitaalamu, na hizo mbili zifafanuliwe pamoja katika kamusi ili msomaji ajue kwamba dhana ni moja.

8. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la urefu. Kweli usemi huu si mfupi. Lakini ufupi ni fadhila pale tu maana inapobaki salama, na "sukari imeshuka" imeununua ufupi wake kwa bei kubwa. Isitoshe, neno damuni laweza kuachwa katika mazungumzo bila hasara, kwa kuwa "amepungukiwa na sukari" tayari imekwisha kumweka mtu mahali pa kiima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: lugha ni ya watu, nao wamekwisha kuchagua kushuka. Hatupendekezi mtu yeyote akemewe kwa kusema "sukari imeshuka". Tunalopendekeza ni kwamba muuguzi, mwalimu wa afya na mtangazaji, ambao maneno yao huigwa, waanze kwa kupungukiwa na kumalizia kwa tendo: "Mzee amepungukiwa na sukari, mpeni chai yenye sukari sasa hivi, kama anaweza kumeza." Anayesikia sentensi ya namna hiyo hana njia ya kuigeuza kuwa habari njema.

9. Tamati

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo hauishii bungeni na mahakamani. Unafika hata katika chumba cha daktari, na huko unatudai sisi wanaisimu jambo ambalo vipimo vyetu vya istilahi havijalitaja. Kwa hiyo tunadiriki kuongeza kipimo kimoja juu ya vile vilivyozoeleka, nacho tukiite usalama: istilahi ya tiba ipimwe pia kwa kuuliza, mtu akiisikia nusu, au akiisikia kwa maana yake ya kawaida, atafanya nini? Kama jibu ni kwamba ataomba maelezo, istilahi inastahimilika. Kama jibu ni kwamba atamnyima mgonjwa dawa yake huku akiamini kwamba anamtunza, basi istilahi hiyo haifai, hata iwe fupi, wazi na yenye kupendwa kiasi gani. Kwa kipimo hicho "sukari imeshuka" imeshindwa, "haipoglisemia" imeshindwa mbele ya "haipaglisemia", na "upungufu wa sukari mwilini" imepita nusu. "Kupungukiwa" imepita, na haikuhitaji kuundwa na kamati yoyote.